Mafuta Gani Yafaa kwa Mnyororo wa Baskeli?

Msimu wa karafuu unapokaribia mkulima hukumbuka mambo mengi. Hutoa majamvi akayakung'uta, hutazama magunia yaliyotafunwa na panya, hununua kamba, hujaribu ngazi kama bado ni nzima. Baskeli aghalabu haimo katika hesabu hiyo. Na katika baskeli yenyewe, kitu kinachosahauliwa kuliko vyote ni mnyororo, ambao watu wengi huuita cheni, kwa sababu haupigi kelele mpaka umekwisha kuharibika.

Ni kweli kwamba siku hizi pikipiki zimeingia mpaka mashambani. Hata hivyo wako wanachama wengi ambao bado hutoa karafuu shambani kwa baskeli, hasa katika vile vilima vya magharibi ya Pemba, ambako njia ni nyembamba na udongo mwekundu huteleza mvua ikinyesha. Mtu wa namna hii mnyororo ukimkatikia njiani na jua limekwisha kuchwa, hasara yake si mnyororo tu. Karafuu mbichi zikilala zimerundikwa ndani ya gunia hupata joto, na zikianikwa kesho yake hutoka mpeta badala ya karafuu njema. Na mnyororo ukikatika wakati wa kupanda kilima, mguu uliokuwa ukikanyaga kwa nguvu zote huteremka ghafula, na mpandaji huanguka pamoja na mzigo wake. Kwa hiyo tumeonelea tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo, na zaidi tueleze lile ambalo wanachama huuliza kila mara: ni mafuta gani ya bei ndogo yafaayo?

Kwanza yafaa tuutazame mnyororo wenyewe. Mnyororo wa aina hii si kitu cha zamani sana; aliyeubuni ni Hans Renold, aliyekuwa na karakana yake mjini Manchester, Uingereza, na ilikuwa mwaka 1880. Tangu wakati huo haukubadilika sana. Kila pingili ina mabamba mawili ya chuma, moja kila upande, na pini imepita katikati. Pini hiyo imo ndani ya bushi, yaani kibomba kifupi, na juu ya bushi kuna kigurudumu kidogo kinachozunguka, ndicho kinachokaa juu ya meno. Kutoka pini moja mpaka nyingine ni nusu inchi kamili. Baskeli yetu ya kawaida, ile ya fremu nzito isiyokuwa na gia, ina pingili kiasi cha 112 hivi, na kila pingili hujipinda na kujinyoosha kila inapoingia na kutoka katika meno, ya mbele na ya nyuma. Ukipiga hesabu ya safari moja tu ya kwenda mjini utaona kwamba pini zile hufanya kazi kubwa.

Watu husema mnyororo "umevutika," kana kwamba chuma kimerefuka kama mpira. Sivyo. Chuma hakivutiki kwa nguvu za miguu. Kinachotokea ni kwamba pini na bushi zake zimelika kwa kusuguana, nafasi imekuwa kubwa, na nafasi hizo 112 zikijumlishwa mnyororo mzima huwa mrefu. Kila kiungo kikilika kwa kadiri ya unene wa karatasi moja tu, au zaidi kidogo, mnyororo wote utakuwa umerefuka kiasi cha nusu inchi. Mnyororo mrefu haukai sawasawa juu ya meno. Huyala yakawa membamba kama meno ya msumeno, na hapo mwenye baskeli hununua si mnyororo peke yake bali na friwili, na pengine gurudumu la meno la mbele pia.

Basi neno la kushika ni hili: mafuta yanatakiwa ndani, baina ya pini na bushi. Yale yanayoonekana nje, yanayong'aa na kuchafua suruali, hayana kazi ila kuzuia kutu, na kwa kazi hiyo utando mwembamba watosha. Mtu anayeupaka mnyororo mafuta mengi nje akaridhika nafsi yake, huenda ndani mmekauka kabisa. Tena yale ya nje hukamata mchanga. Mchanga ukichanganyika na mafuta huwa kama tupa ya majimaji, na kila pedali ikizunguka tupa hiyo hufanya kazi yake.

Tukitazama mafuta kwa macho hayo, tutaweza kuyapima yote yaliyomo majumbani na madukani.

Grisi ndiyo ambayo wengi huisifu kwa kuwa hukaa muda mrefu. Hukaa kweli, lakini hukaa nje. Ni nzito, haiwezi kupenya katika upenyo mdogo ulio baina ya mabamba. Mnyororo mpya hutoka kiwandani una grisi ndani yake, na hiyo ni njema, usiikoshe. Lakini ya kiwandani iliingizwa kwa namna ambayo sisi hatuwezi kuifanya kwa kidole. Grisi iwekwe katika gololi za pedali na katika vitovu vya magurudumu, huko ndiko kwake.

Mafuta ya taa hupenya vizuri mno, na mnyororo uliokuwa ukilia hunyamaza mara moja. Ndiyo maana watu hudanganyika. Baada ya siku moja au mbili yamekwisha kuruka, na yameondoka pamoja na mafuta mazuri yaliyokuwamo. Mafuta ya taa ni ya kukoshea, si ya kulainishia. Hukumu hiyo hiyo ni ya ile dawa ya kopo la kupuliza iitwayo WD-40, ambayo mafundi wa mjini wanaipenda sana. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji yasilete kutu, na kwa kufukuza maji ni hodari. Sehemu yake kubwa ni ya kuruka, na kinachobaki ni kidogo. Atakaye kulegeza nati iliyoshika kutu na aitumie. Kwa mnyororo wa mkulima ni ghali tena haidumu.

Mafuta ya kupikia je? Hapa lazima tutenganishe. Mafuta ya alizeti, ya soya na mengineyo ya namna hiyo, hasa yaliyokwisha kukaangiwa, hukamatana na hewa yakageuka gundi. Tazama chini ya karai la mwuza chipsi utaona ninachosema. Mnyororo uliotiwa mafuta hayo huwa mzuri kwa wiki moja, kisha pingili hugoma kujipinda. Mafuta ya nazi hayagandi upesi kwa namna hiyo, na katika dhiki, mtu yupo shamba na mnyororo unalia, akitia mafuta ya nazi si kosa. Lakini hayana nguvu ya kubeba mzigo mzito, mvua moja huyaondoa, huchacha, na katika kipupwe asubuhi hushika kama yanavyoshika chupani. Bora yasukwe nayo nywele.

Mafuta ya mbarika ni mazito na hushika chuma vizuri kuliko mafuta mengine ya mimea. Jambo hili si la mzaha: katika vita vya 1914 mpaka 1918 ndege nyingi za vita zilikuwa zikitumia mafuta ya mbarika katika injini zao, na hata jina la Castrol limetokana na jina la Kizungu la mbarika. Mwenye mbarika zake uani na subira ya kukamua anaweza kujaribu. Lakini nayo baada ya muda hunata, na kwa hesabu ya kazi ya kuyapata sidhani kama ni rahisi kuliko kununua.

Sifa, yaani mafuta ya papa na samaki wengine, ni kwa ajili ya mashua. Hukauka yakawa ngozi, na harufu yake hatuna haja ya kuieleza. Mtu mwenye karafuu asiyasogeze karibu.

Na mafuta ya karafuu yenyewe? Wako wanaoona kwamba kwa kuwa sisi ni watu wa karafuu, na mafuta ya makonyo yanatengenezwa hapa hapa kisiwani, basi yafaa tuyatumie. Hayafai. Sehemu yake kubwa ni yujenoli, ambayo kazi yake ni kuyeyusha na kuwasha, si kulainisha. Hula plastiki nyingi, huchoma ngozi, na bei yake ni ya kuuzia nje. Kuyatia katika mnyororo ni kama kutia zafarani katika lishe ya ng'ombe.

Sasa tumekuja kwa oili ya injini, na hapa pana oili mbili ambazo ni lazima zisichanganywe akilini. Oili chafu, ile nyeusi ambayo fundi wa gari huimwaga, hutolewa bure, na kwa hiyo ndiyo inayotumika zaidi mashambani. Sisi tunawashauri wanachama waiache. Weusi wake ni masizi ya moto wa injini, na ndani yake mna vumbi la chuma kilicholika na asidi inayokula chuma. Yaani mtu hutia tupa mwenyewe kwa mkono wake. Lililo kubwa zaidi, oili iliyokwisha kutumika katika injini ina vitu vinavyojulikana kuwa vinaweza kuleta saratani ya ngozi kwa mtu anayeishikashika mara kwa mara. Mkono huo huo ndio unaochuma, unaoanika na unaokula.

Oili safi ni jambo jingine kabisa. Oili mpya ya injini, ile iliyoandikwa 20W-50 au SAE 30, ambayo kila duka la vipuri huuza, ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza. Imefanywa ili ibebe mzigo, ina dawa ya kuzuia kutu, haigeuki gundi, na hustahimili maji kuliko mafuta mengi ya bei ndogo. Watu huona lita moja ni ghali, lakini hawakupiga hesabu. Mnyororo mzima unahitaji tone moja kwa kila kigurudumu, yaani matone 112 hivi, na matone hayo hayazidi kijiko kimoja cha chai. Lita moja ina vijiko 200. Mtu akitia kila baada ya wiki mbili, lita hiyo itamweka zaidi ya miaka 7. Na akitia kila wiki, karibu miaka 4. Wanachama kumi wa kijiji kimoja wakichanga lita moja, kila mmoja amepata vijiko 20, na mchango wake hauzidi fedha ya kitu kidogo dukani. Hatujui dawa ya mnyororo inayouzwa katika kichupa kizuri ambayo itaishinda hesabu hii.

Na asiyetaka kutoa hata senti, ipo njia. Nenda kwa fundi wa gari au kituo cha petroli uombe makopo matupu ya oili mpya. Yapindue usiku kucha juu ya chupa, mdomo chini. Kila kopo litatoa kijiko kimoja, pengine viwili, vya oili safi ambayo ingetupwa. Makopo matano yatakutosha msimu mzima. Hakikisha tu ni makopo ya oili ya injini, wala si ya mafuta ya breki, maana hayo ya breki huvua rangi ya fremu na huvuta maji.

Oili ya 20W-50 ni nzito kidogo, na mtu anayetaka ipenye upesi aweza kuichanganya na mafuta ya taa, sehemu tatu za oili kwa moja ya mafuta ya taa. Mafuta ya taa huipeleka ndani kisha huruka, nayo oili hubaki. Mchanganyiko huu unafaa wakati wa kaskazi, vumbi linapokuwa jingi. Katika masika usiichanganye. Tia oili tupu, kwa kuwa matope na maji yataiondoa iliyo nyepesi.

Mafuta ya cherehani ni mepesi na safi, na kwa anayekaa upande wa mashariki, kwenye mchanga na mawe, ambako hakuna mzigo mkubwa wala vilima, yanafaa sana kwa kuwa hayakamati vumbi jingi. Ila yatiwe mara nyingi zaidi, na kila baada ya mvua. Oili ya misumeno ya mashine, ile ya kukatia magogo, nayo hutumiwa na wengine, na katika masika si mbaya kwa kuwa hunata. Katika vumbi ni balaa.

Iko njia ya nta ya mshumaa, nayo waendeshaji baskeli wa mashindano huko Ulaya wanaipenda. Mnyororo hukoshwa mpaka usibaki mafuta hata kidogo, ukatumbukizwa katika nta iliyoyeyushwa, ukatolewa na kuachwa upoe. Nta haikamati mchanga kabisa. Lakini haizuii kutu vizuri, na hewa yetu ina chumvi. Baada ya mvua moja ya nguvu mnyororo wa nta huanza kuwa mwekundu. Anayetaka kujaribu wakati wa kiangazi ayeyushe nta katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, wala asiweke kopo juu ya moto mtupu. Nta ikipata moto kupita kiasi huwaka kama petroli.

Baada ya kuchagua mafuta, namna ya kuyatia si jambo la kupitiwa. Ipindue baskeli, au ifunge juu ili gurudumu la nyuma lizunguke. Kama mnyororo ni mchafu sana, ufungue katika kile kiungo chenye kibanio, uutie katika kopo lenye mafuta ya taa, uutikise, na uusugue kwa mswaki wa zamani. Petroli isitumike kwa kazi hii, na mafuta ya taa yaliyochafuka yasimwagwe karibu na kisima. Ufute, kisha uanike juani mpaka ukauke barabara, maana mafuta ya taa yakibaki ndani yatazidi kuipunguza nguvu ile oili utakayoitia. Ukiurudisha, kibanio kiwekwe upande wake uliofungika ukitazama mbele, kule mnyororo unakokwenda. Ukikigeuza, kinaweza kuchomoka njiani kikapotea nyasini.

Sasa tia tone moja juu ya kila kigurudumu, upande wa ndani wa mnyororo, ule unaokanyaga meno, ukizungusha pedali pole pole. Bomba la sindano lisilokuwa na sindano ni chombo kizuri kwa kazi hii. Zungusha pedali mara thelathini au arubaini. Kisha yafuatayo ndiyo ambayo watu wengi huyaacha: acha usiku mmoja, na asubuhi shika mnyororo kwa tambara kavu, zungusha, ufute nje kote mpaka ukiugusa kidole kisichafuke sana. Kama moyo unakuuma kufuta mafuta uliyoyanunua, kumbuka kwamba ya ndani hayakufutika. Rimu usiiguse kwa tambara hilo. Breki zetu hubana rimu, na rimu yenye mafuta haisimamishi baskeli yenye gunia inayoteremka kilima.

Kwa sababu ya karafuu, kazi hii ifanywe jioni ya siku isiyo na mzigo. Mnyororo uliotiwa mafuta asubuhi na kupakiwa mchana hutupa matone, na gunia linaloning'inia kando ya keria huyapokea. Karafuu hushika harufu ya kigeni upesi. Karafuu iliyonuka mafuta ya taa haianikiki ikatoka harufu hiyo, na mnunuzi kituoni ana pua. Mwenye baskeli isiyokuwa na kifuniko cha mnyororo na akate kipande cha dumu au cha mpira wa gari akifunge baina ya mnyororo na mzigo. Tambara la mafuta nalo lisiwekwe juu ya jamvi la kuanikia, hata kwa dakika moja.

Chupa ya oili na ya mafuta ya taa zisiwe chupa za soda. Watoto wengi wamepatwa na madhara makubwa kwa kunywa mafuta ya taa wakidhani ni kinywaji, na mengi ya madhara hayo huwa kifuani, mafuta yakiingia katika mapafu. Mtoto aliyekunywa asitapishwe. Apelekwe hospitali papo hapo. Chupa iwe ya namna nyingine, iandikwe, na iwekwe juu.

Mwisho, mafuta hayafufui mnyororo uliokwisha. Kabla ya msimu upime. Chukua futi ya chuma ya seremala, uunyooshe mnyororo vizuri, na uanze katikati ya pini moja uhesabu pingili 24. Mnyororo mpya utakupa inchi 12 barabara. Ukiona 12 na moja ya kumi na sita, bado utafanya kazi lakini uangalie. Ukiona 12 na moja ya nane, ununue mwingine sasa, kabla haujala meno. Ukisha kuufunga, usiukaze kama uzi wa gambusi. Ubonyeze katikati, baina ya meno ya mbele na ya nyuma, uwe na nafasi ya kucheza kiasi cha nusu inchi. Zungusha pedali na ubonyeze tena mahali mbali mbali, kwa kuwa baskeli nyingi gurudumu la meno la mbele halikuzunguka sawasawa, na nusu inchi hiyo ipimwe pale mnyororo unapokaza zaidi.